Paka kagoma choo cha kukaa, sasa anakojolea mswala: nimtoe au nimfundishe vyengine?

"Assalaam aleykum dokta. Tunakaa flati Michenzani, mjini Unguja, ghorofa ya nne, hatuna kiwanja wala mchanga. Nna paka dume wa miezi saba anaitwa Kachori, watoto walimuokota sokoni Darajani akiwa mdogo. Shemegi yangu alipokuja kutoka Dubai kaniletea kile kisahani cha plastiki cha kuweka juu ya choo cha kukaa, kina vipete unavitoa kimoja kimoja mpaka paka azoee kukojoa chooni moja kwa moja kama mtu. Wiki mbili za mwanzo alikwenda vizuri tukafurahi, nilipotoa kipete cha pili kagoma. Sasa anakojoa kwenye tundu la maji la bafuni, mara tatu kakojolea mswala, mara moja godoro la mtoto. Mume wangu anasema paka ana kisasi, nikimkuta nimsugue pua kwenye mkojo wake. Jirani kanambia nimwage Jik, wifi kanambia mafuta ya karafuu. Tena mimi nna mimba ya miezi minne na mama anasema paka hafai nyumba yenye mja mzito. Nimtoe? Au ipo njia ya kumfundisha akafahamu?"

Wa aleykumu salaam dada yangu, na hongera ya mimba, Mungu akufikishe salama. Suali lako moja lakini ndani yake mna masuali kama matano, ntayajibu yote ila si kwa mpango ulioyapanga weye, maana lipo moja linanitia haraka nikwambie kabla hujafika mbali: usimtoe Kachori. Hakuna sababu ya kumtoa. Hujamharibu, na yeye hakukufanyia makusudi, hamkufahamiana tu, na kilichowagombanisha ni hicho kisahani.

Hili la kisasi nalisikia kila wiki, na mara nyingi linatoka kwa wanaume sijui kwa nini. "Paka kanikomoa." Kisasi kinataka hesabu, ukae ukumbuke fulani jana kanifanyia hivi basi leo na mimi nimfanyie kile kitakachomuuma. Paka hana daftari hilo. Alipopanda mswalani alikuwa na kibofu kimejaa na anatafuta pahala pa kuchutama, basi. Ukimsugua pua hajifunzi kwamba mswala si choo, anajifunza kwamba weye ukitokea na mkojo upo pale kuna balaa, kwa hivo siku ya pili atakwenda kukojoa uvunguni au nyuma ya kabati na utakuja kuupata kwa harufu siku ya tatu. Mwambie bwana nimesema mimi.

Sasa tuje kwenye kilichotokea hasa. Paka huyu wetu wa nyumbani asili yake ni paka pori wa Afrika, wataalamu wanamwita Felis lybica, mnyama wa nchi kavu zenye mchanga na maji ya shida. Kakaa na binaadamu miaka kama elfu kumi, kaacha mambo mengi ya porini, lakini la chooni hajaliacha. Mtoto wa paka akifika wiki tatu nne, hata hajamaliza kunyonya, ukimuweka kwenye mchanga anaanza kuparura mwenyewe hakuna aliyemfundisha. Ananusa, anachimba, anageuka, anachutama, akimaliza ananusa tena na kufukia. Anafukia ili harufu isimfichue kwa maadui na kwa paka wengine wenye nguvu zaidi. Na katika wiki zile za mwanzo nyayo zake zinashika nini ni choo na nini si choo, kwa hivo aliyekulia mchangani atataka kitu cha kuchimbika mpaka anakufa. Huyo wako wa Darajani kakulia kwenye vichanga vya pembeni mwa soko na maboksi ya samaki, unategemea nini.

Zile wiki mbili ulizofurahi hakuwa anatumia choo cha kukaa, alikuwa anatumia beseni la mchanga lililowekwa juu ya choo. Kisahani kilikuwa kimejaa, akichimba anapata, akifukia anafukia, tabu yake ilikuwa kuruka tu na kwake yeye kuruka si tabu. Ulipotoa kipete cha kwanza pakawa na kitundu akavumilia. Ulipotoa cha pili mchanga ukawa umebaki pembeni kidogo, katikati wazi, akikojoa anasikia maji yanalia chini na matone yanamrudia tumboni, miguu yote minne imebana kwenye ukingo wa plastiki unaoteleza. Naapa umemuona baada ya hapo anakwaruza vigae vya ukutani pembeni mwa choo, kwaruu kwaruu dakika nzima, kama mtu aliyepotewa na kitu. Ile ni kufukia. Anatafuta mchanga alouzoea na mchanga umeondoka.

Akaondoka na yeye. Tundu la bafuni watu wengi wanashangaa nalo lakini lina maana, lipo chini, pana ubaridi, pana harufu ya uchafu inayomwambia hapa ndo pahala pake, na mkojo unapotea wenyewe hauonekani, ni kama umefukiwa. Na mswala? Shika mswala wako kwa kiganja. Ni laini, unakunjika ukiuparura, unafyonza na nyayo zinabaki kavu. Katika flati ya vigae hakuna kitu kinachokaribia mchanga zaidi ya mswala na godoro. Hakuchagua mswala kwa dharau, kachagua kwa nyayo.

Kabla sijaendelea, maana najua wapo watakaotaka kuniuliza: mate ya paka na manyoya yake si najisi, hadithi ya Mtume iliyopokewa na Abu Qatada inajulikana, kwamba paka ni katika wanaokuzungukeni. Mkojo ni mambo mengine. Namna ya kuutwaharisha mswala muulize shehe wa mskiti wenu, mie ntakwambia namna ya kuitoa harufu tu.

Sasa je, paka anaweza kufundishwa choo cha kukaa? Anaweza, sitokudanganya. Charles Mingus, yule mwanamuziki wa jazi wa Marekani aliyefariki 1979, alimfundisha paka wake Nightlife, tena bila ya kisahani chochote, kwa boksi la karatasi na magazeti yaliyochanwachanwa. Akalisogeza boksi kidogo kidogo mpaka bafuni, akalipandisha juu ya choo akalifunga kwa uzi, kisha akakata kitundu katikati akawa anakipanua pole pole. Mpaka leo njia ni hiyo hiyo, Dubai wameongeza plastiki tu. Wanaofaulu huwa na paka mmoja, jasiri, kavuka miezi sita, hana maradhi, na wenyewe wana subira ya wiki nyingi, pengine miezi. Vidio unayoiona kwenye simu ni dakika moja ya paka aliyefaulu, wale walioishia kukojolea makochi hakuna aliyewapiga picha.

Lakini kuweza si kufaa, na mie simshauri mtu. Sababu kubwa ntakueleza kwa kisa.

Miaka ya nyuma aliletwa kwangu paka dume mweupe ndani ya kikapu cha sokoni, kafunikwa kanga. Mwenyewe alikuwa akijivunia kweli, paka wake anatumia choo cha kukaa mwaka mzima, wageni wakija wanaonyeshwa. Siku hiyo kamleta kwa sababu hali chakula. Nikamuuliza mara ya mwisho kakojoa lini, akaniangalia. Hajui. Atajuaje, mkojo unaingia kwenye maji, na nyumba ina watu saba kila mmoja akiingia anaflashi. Nikamshika tumbo, kibofu kigumu kama danzi, kimejaa mpaka basi. Njia ya mkojo ilikuwa imeziba, na kwa alivyokuwa ameshapoa masikio na anatapika ilikuwa ni siku ya pili au ya tatu. Tulijaribu, hakufika alasiri.

Dume la paka lina njia ya mkojo nyembamba mno, kijichanga kidogo au utando kama kamasi unatosha kuiziba, na ikiziba sumu inarudi kwenye damu, moyo unavurugika, siku moja mbili keshakufa. Mwenye beseni la mchanga analiona hilo mapema. Paka mzima anakojoa mara mbili mpaka nne kwa siku na choo kikubwa mara moja hivi, weye unayechota asubuhi unajua bila hata kuhesabu, leo vidonge vitatu vya mchanga ulioroa, leo kimoja kidogo, leo pana damu, leo anaingia na kutoka mara kumi mchanga mkavu. Beseni ni kama kliniki ya nyumbani. Ukimpandisha kwenye choo cha kukaa umeifunga kliniki kwa mkono wako.

Sababu nyengine ni ndogo ndogo lakini za kila siku. Choo kimoja, nyumba nzima. Paka hawezi kubisha hodi. Mlango lazima uwe wazi saa zote na kifuniko kiwe juu saa zote, sasa nambie Ramadhani wakati wa daku watu wamepanga foleni, mmoja anatawadha mwengine anapiga mswaki, Kachori atapita wapi? Atabana. Kubana mkojo ndo mwanzo wa maradhi ya kibofu, na wasiwasi wenyewe tu, bila kijidudu chochote, unatosha kumvimbisha paka kibofu. Tena yeye haflashi, na mjini kwetu maji mengine ni ya ndoo, yakitoka usiku mnajaza madumu, nani atapoteza ndoo kila paka akikojoa? Halafu paka anazeeka, akifika miaka kumi na kitu viungo vinamuuma, kuruka juu na kusimama kwenye ukingo hawezi tena, hapo unaanza kumfundisha upya mzee aliyesahau mchanga.

Na lipo la bahari. Hili watu hawalijui. Mavi ya paka yanaweza kubeba mayai ya kijidudu kinaitwa toksoplasma, na mayai hayo ni magumu, hayafi kwa mitambo ya kawaida ya kusafishia maji machafu sembuse kwetu ambako maji machafu mengi ya mjini yanaishia baharini kama yalivyo. Kule California fisi maji wa baharini walikuwa wakifa kwa maradhi hayo, na 2006 jimbo likapitisha sheria kwamba mifuko ya mchanga wa paka iandikwe kuwatahadharisha watu wasimwage uchafu wa paka chooni. Sisi hatuna fisi maji lakini tuna chaza na kombe, na hivi vinachuja maji ya bahari na kubaki na kila kilichomo, na mama zetu wanavikusanya wakati wa maji kupwa. Kwa hivo mavi ya Kachori yatie kwenye mfuko, ufunge, utupe na taka. Na mchanga wenyewe ndo kabisa usiumwage chooni, utaziba bomba la ghorofa nzima na majirani watakuchukia kuliko walivyomchukia paka.

Haya, sasa nini cha kufanya. Toa kisahani leo hii. Nenda kanunue beseni la kufulia kubwa, lile la mviringo pana lenye kingo fupi, maana urefu wa choo cha paka unatakiwa uwe kama mara moja na nusu ya urefu wa paka bila mkia, dumu la lita ishirini lililokatwa ubavuni linafaa kitoto tu. Usilifunike. Mchanga usiende kuuchota pwani, kuchimba mchanga kwetu kunadhibitiwa na fukwe zenyewe zinaliwa na maji, halafu ule wa pwani una chumvi, unavuta unyevu na haukauki. Omba nusu ndoo kwa mtu anayejenga, uchekeche, uanike juani. Au nenda kwa fundi seremala uombe maranda, anakupa bure na anakushukuru, ila muulize kama mbao hazikupigwa dawa ya mchwa, na uyakung'ute vumbi. Wakati wa masika mimi napenda maranda zaidi, mchanga unakuwa kama uji. Wengine wanatumia makumbi ya nazi yaliyochambuliwa vizuri, paka wengi wanayakubali. Kwa Kachori anza na mchanga maana ndo alouzoea, kina cha vidole vitatu, baadae ukitaka changanya maranda kidogo kidogo.

Beseni liweke hapo hapo bafuni kama pana nafasi, pembeni mwa lile tundu, au kwenye varanda penye kivuli, mbali na sahani yake ya chakula. Kwa wiki moja au mbili usiku mfungie chumba hicho na maji yake na kitambaa chake cha kulalia, asipate mswala wala godoro. Ukimuona ananusa sakafu na kuzunguka mbebe pole pole umuweke juu ya mchanga, akikojoa mpe dagaa mmoja papo hapo, papo hapo nasema, si baada ya kumaliza kuosha vyombo. Na mswala mkimaliza kuswali ukunjwe uwekwe juu, hili mume wangu mie nyumbani kwangu miaka ishirini sijaweza kumfundisha.

Chota kila siku. Mara moja kwa wiki mwaga mchanga wote, osha beseni kwa sabuni na maji, kausha, tia mwengine. Paka anayekataa beseni mara nyingi halikatai beseni, anaukataa uchafu, hata weye choo cha stendi unakikunjia uso.

Akiendelea kukojoa tundu la bafuni na mavi akayaweka kwenye mchanga, muachie, mwagia kopo la maji yaishe. Kwangu mimi paka mmoja alikuwa hivo mpaka anakufa kwa uzee na sikuona sababu ya kugombana nae. Ila ujue hapo mkojo wake huuoni tena, kwa hivo umtazame yeye mwenyewe, anavochutama na muda anaokaa.

Kwenye kusafisha naomba unisikilize vizuri maana hapa ndo paka wanauliwa kwa nia njema. Jik juu ya mkojo inatoa mvuke mbaya, mkojo una amonia na amonia ikikutana na klorini ni sumu ya kifua, na weye una mimba. Mafuta ya karafuu, najua kwetu Pemba karafuu ni dawa ya kila kitu, lakini ini la paka halina uwezo wa kuvunja vitu vya jamii ile, kwetu sisi ni dawa ya jino na kwake yeye ni sumu, anayakanyaga, anajiramba, yanaingia. Vivo hivo zile dawa za kuulia vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia majini, kama Dettol. Mswala uroweke maji baridi kwanza, ufue kwa sabuni ya unga, kisha suuza kwa siki na maji nusu kwa nusu, uache dakika kumi, usuuze tena uanike jua kali. Godoro fyonza kwa taulo, siki hiyo hiyo, simamisha juani siku mbili. Ikibaki harufu hata kama weye huisikii yeye ataisikia na atarudi, pua yake si pua yetu.

Kuhusu mimba, mama yako hakukosea kuwa na wasiwasi, kakosea dawa yake. Toksoplasma inaweza kudhuru mtoto tumboni kama mama ataipata kwa mara ya kwanza akiwa mja mzito. Lakini paka aliyeambukizwa hutoa mayai hayo wiki moja mpaka tatu tu, mara nyingi ni mara moja maishani mwake, na mayai yakitoka hayaambukizi pale pale, yanahitaji siku moja mpaka tano kukomaa. Kwa hivo beseni likichotwa kila siku umeshakata njia kubwa. Achote mume wako, si ndo mwenye maneno mengi. Kama hayupo, vaa glavu uoshe mikono kwa sabuni. Kachori mpe chakula kilichopikwa, asile panya wala nyama mbichi. Na weye mwenyewe nyama iive, mchicha na saladi uoshe sana, maana watu wengi wanaipata jikoni na kwenye udongo kuliko kwa paka. Kliniki waambie nyumbani kuna paka. Na hebu fikiria hili, ile miguu iliyosimama kwenye mchanga wa kisahani ndo iliyosimama kwenye kiti cha choo unachokalia weye. Kwa mja mzito kisahani ndo kibaya zaidi kuliko beseni.

Jambo jengine hukuliuliza lakini kwa miezi saba ni wakati wake. Dume lisilohasiwa likifika umri huo linaanza kutia alama, anasimama wima, mkia juu unatetemeka, anarusha mkojo ukutani au kwenye pazia, na harufu yake huisahau. Ulivoeleza yeye anachutama kwenye kitu cha bapa, hiyo si alama, ni choo. Ila itakuja. Muhasi. Madume tisa katika kumi hivi hupunguza au huacha kabisa, na hatotoka kupigana na mapaka ya Darajani akarudi na majipu. Ulizia ofisi ya mifugo ya wilaya au daktari wa wanyama aliye karibu.

Na kama baada ya yote haya bado roho yako iko kwenye choo cha kukaa, sikukatazi, ni nyumba yako. Subiri ujifungue kwanza. Miezi miwili mitatu awe anatumia beseni vizuri bila kosa hata moja, kisha usogeze na upandishe kwa kiasi cha kitabu kimoja kila baada ya siku kadhaa, na akikataa hatua yoyote rudi nyuma ile ile siku, usisukume. Akikataa mara mbili, acha, kakujibu. Wenye choo cha kuchutama wananiuliza sana na wao, kwamba si kipo chini, si rahisi zaidi? Ni rahisi kidogo kweli, haruki, lakini mchanga bado haupo na kile kibakuli kinateleza. Na choo cha shimo, hapana kabisa, nishapigiwa simu ya kitoto cha paka kinalia shimoni saa nane usiku na sitaki kuipokea tena.

Mwisho dada, yakitokea haya usiniandikie, mlete: anaingia kwenye beseni mara kwa mara anajikamua na hakitoki kitu au kinatoka kitone, analia akichutama, anajiramba sehemu za siri bila kuacha, mkojo una damu, kagoma kula, anatapika, tumbo gumu hataki kuguswa. Kwa dume hiyo ni saa ile ile hata kama ni usiku wa Idi, usingoje asubuhi na usimpe Panadol, hata nusu ya kidonge, hata robo, inamuua paka. Umsaidie kabla ya kufika huko, weka maji safi pahala pawili patatu na mara nyingi mpe chakula chenye majimaji, supu ya samaki isiyo chumvi wala vitunguu, maana mkojo wake kwa asili ni mzito na dume linalokunywa kidogo ndo linaloziba. Vilevile kama wiki tatu zimepita, beseni safi, mchanga mzuri, na bado anakojolea nguo, mlete nimpime, inawezekana kibofu kinamuuma na anakisingizia choo.

Kile kisahani cha shemegi usikitupe, kitamuuma akija tena. Kioshe vizuri, tia udongo, otesha kotimiri varandani, vitundu vyake vinatoa maji vizuri sana. Ila weka vijiti vijiti juu ya udongo, la si hivo utaamka asubuhi ukute Kachori keshafaulu kukitumia.